Jumamosi jioni, funguo zikiwa mezani

Nilikaa miaka miwili nje ya nchi yangu nikiwa mmisionari, na ndani ya miaka hiyo ziko siku tisa ambazo sikuweza kusali. Naanza na siku hizo kwa sababu sioni namna ya kusimulia mengine nikiziruka. Nchi yenyewe siitaji, wala shirika lililotutuma. Wapo ndugu wanaoendelea kuhudumu kule.

Tulikuwa saba kwenye timu: Waanglikana wawili, Walutheri wawili, Mbaptisti mmoja na Wapentekoste wawili. Mimi ni Mlutheri. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mara kwa mara kwenda kwenye semina za viongozi wa makanisa ya mbali. Dada muuguzi, ambaye nitamtaja sana humu, alikuwa Mpentekoste. Alisimamia zahanati ndogo na kliniki ya mkoba iliyozunguka vijijini. Gari lilikuwa moja.

Asubuhi moja nililichukua bila kuangalia daftari la zamu. Nilikuwa nimechelewa semina, nikajiambia kwamba neno la Mungu haliwezi kungoja. Kumbe ilikuwa siku yake ya chanjo. Chanjo hubebwa kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, na barafu ikishaanza kuyeyuka haina msamaha. Yeye na msaidizi wake walikwenda kwa miguu, wakipokezana kisanduku, zaidi ya saa mbili kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya zahanati, viatu kavivua, visigino vimechubuka hadi vinatoa damu. Hakusema neno. Nami sikusema. Nilipita, nikatundika funguo kwenye msumari, nikaenda kulala.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa na maombi ya pamoja, na maombi hayo yakaharibika. Yeye alimwomba Bwana awakumbushe watumishi wake kwamba wagonjwa nao ni watu wake. Mimi nikamwomba Bwana atuepushe na roho ya manung'uniko. Wote wakaitikia amina. Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha maombi anajua jambo hili: mtu anafumba macho, anamtaja Mungu, kumbe anasema na jirani yake. Kufika siku ya tisa nilikuwa natamka maneno tu. Nikiwa peke yangu chumbani sikuwa na neno hata moja.

Na gari lisingetufikisha hapo kama hapangekuwa na mengine chini yake. Yeye aliomba kwa sauti kuu, mikono juu, akinena kwa lugha, nami moyoni niliona ni kujionyesha. Mimi niliomba nikifuata kitabu cha liturujia, naye, kama alivyokuja kuniambia baadaye, aliona nimekufa kiroho. Tulikuwa tumehukumiana tangu mwezi wa kwanza, huku tukiitana ndugu na dada.

Aliyetukamata ni mama mmoja mzee wa kanisa la pale. Alikuwa mwanafunzi wangu; ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kushika kalamu, na herufi zilimtoa jasho. Kila Jumatano alikuja kutuombea. Jumatano ile alikaa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kupitia kwa mkalimani: "Wanangu, mnaimba vizuri. Ila nikipita hapa mchana sisikii mkiongea. Leo siombi." Akataka isomwe Mathayo 5, pale Bwana Yesu anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Hakuweza kuusoma mstari ule, lakini aliujua kwa moyo, na mkalimani aliporuka neno "kwanza" alimgusa goti akamrudisha.

Jioni ile nilimwendea dada muuguzi zahanati. Nikamwambia nimekosa, nilichukua gari, nisamehe. Alinyamaza kitambo kirefu akipanga mabomba ya sindano kwenye trei. Kisha akasema kwamba kutembea hakukumuuma sana. "Uliniona nimekaa pale, ukapita." Hapo ndipo niliposhikwa kweli. Nilikuwa nimekuja kutubu kosa la daftari, na yeye alikuwa anazungumzia kosa lingine kubwa kuliko hilo, ambalo mimi sikuwa hata nimelihesabu. Tulilia wote wawili. Usiku ule nilisali.

Mkuu wa timu yetu, mtu asiyependa maneno mengi, alitusimulia siku iliyofuata habari za Serampore, mji ulioko Bengal, India. William Carey, fundi viatu aliyetoka Uingereza mwaka 1793 kwenda Bengal, alihamia mji huo mwaka 1800, wakati ukiwa chini ya Denmark. Akakaa nyumba moja na wenzake, Joshua Marshman aliyekuwa mwalimu na William Ward aliyekuwa mpiga chapa, pamoja na familia zao, mfuko wa fedha ukiwa mmoja. Mapema kabisa walitenga Jumamosi jioni kwa kazi maalumu: kumaliza tofauti zilizojitokeza katika juma na kuahidiana upya kupendana. Hawakungoja ugomvi ndipo waitane. Saa ilikuwepo tayari, kama saa ya ibada. Karakana yao ya uchapishaji ilipoungua Machi 1812, ikateketea pamoja na miswada ya tafsiri iliyowachukua miaka, walianza tena pamoja. Mimi naamini zile Jumamosi zilikuwa na mkono wao katika hilo.

Tukaiga. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, mlango unafungwa, funguo za gari na daftari la zamu vinawekwa katikati ya meza. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vibaya. Kila mtu alikuja na orodha ya makosa ya mwenzake, na ndugu mmoja akageuza zamu yake kuwa mahubiri. Wiki ya tatu tukakubaliana mambo mawili: anayesema aanze na kosa lake mwenyewe, na asiyekuwepo asitajwe. Baada ya hapo kila mmoja alimwombea aliyeketi mkono wake wa kuume, kwa jina, kwa jambo alilolitaja yeye mwenyewe. Ziko Jumamosi tulikaa kimya dakika ishirini tusiwe na la kusema, tukaomba tukaondoka. Hizo pia tulizihitaji. Zilitufundisha kuketi pamoja bila kukimbilia wimbo.

Wengi huniuliza kama tofauti za madhehebu zilikwisha. Hazikwisha. Meza ya Bwana hatukuweza kuishiriki wote, na jambo hilo liliniuma hadi siku ya mwisho. Tulichofanya ni kuhudhuria ibada ya kila mmoja. Asiyeshiriki alibaki kitini akiwaombea wanaoshiriki. Kijana mmoja alipotaka kubatizwa, Mbaptisti wetu na mimi tulikuwa tayari kuanza mjadala wa maji mengi au machache, lakini wazee wa kanisa la pale walishaamua wenyewe, kwa utaratibu wao, na sisi tukaalikwa kama wageni. Ilikuwa vizuri tuwe wageni. Hata mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, walikuwa Wajerumani waliolelewa katika Ulutheri, na waliowatuma walikuwa Waanglikana wa CMS, chama cha umisionari cha Uingereza. Injili imetufikia wengi wetu kupitia watu waliokubali kutumwa na wasiokuwa wa dhehebu lao.

Nimesoma mara nyingi Wafilipi 4, pale Paulo anapoandika, "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Zamani niliuruka mstari huo nikikimbilia "furahini". Sasa nasimama hapo. Wanawake wale walikuwa wameishindania Injili pamoja na Paulo. Hawakuwa wachanga kiimani. Na Paulo mwenyewe alitengana na Barnaba kwa ajili ya Marko, Matendo 15 haifichi. Miaka baadaye anamwandikia Timotheo amtwae Marko, "maana anifaa kwa utumishi." Katikati ya mistari hiyo miwili kuna safari ndefu ambayo hatukuandikiwa, na mimi napenda kudhani kwamba mtu fulani alimwendea mwenzake jioni moja.

Kuhusu imani, lipo jambo moja lililonipata mwaka wa pili. Fedha za kutuhudumia zilichelewa miezi mitatu. Hatukuwaambia wenyeji; tuliona aibu, na nadhani kulikuwa na kiburi pia, kwamba sisi ndio tuliokuja kutoa. Walijua tu. Jumapili moja baada ya ibada walitandika mkeka mbele ya madhabahu, wakapita mmoja mmoja wakiweka walichonacho, sarafu nyingi, noti chache zilizochakaa. Yule mama mzee alikuja amefunga zake kwenye ncha ya kitambaa, akahangaika kufungua fundo, likamkatalia, akalifungua kwa meno. Nilitaka kuinuka kumzuia. Dada muuguzi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kaa. Hii si yako kuikataa." Nikakaa.

Nilikuwa nimefundisha 2 Wakorintho 8 mara kadhaa, habari za makanisa ya Makedonia yaliyotoa kutoka katika umaskini wao. Nilikuwa sijawahi kuwa upande wa kupokea. Usiku tulizihesabu sarafu zile, mimi na yeye, tukizipanga mafungu mafungu juu ya meza ileile, na hatukuwa na maneno. Niliomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Yeye aliomba kimyakimya.

Jumamosi yetu ya mwisho mama mzee aliomba aingie. Hatukuwahi kumruhusu mtu mwingine, lakini nani angemkatalia yeye. Aliketi mkono wangu wa kuume, kwa hiyo ilikuwa zamu yangu kumwombea. Nikamuuliza nimwombee nini. Akachukua kalamu kwenye daftari la zamu, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa zikipanda na kushuka, akanisogezea nisome.