Chagua kwanza, ndipo utende

Faili lilikuwa na mistari mia kadhaa ya malipo, na kila tarehe ilikuwa imeandikwa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Zilitakiwa zote zigeuzwe kabla ya kufunga kazi. Mimi ni mtu wa Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi, kwa hiyo vidole vilikwisha kuandika :%s ili nibadilishe faili zima kwa mkupuo. Mwenzangu wa meza ya pili akaniomba nimpishe kidogo.

Akalifungua kwa Kakoune, programu nyingine ya aina hiyo. Akabonyeza % kuchagua faili zima, kisha s ya kutafuta ndani yake, akaandika \d+/\d+/, yaani tarakimu na mkwaju mara mbili, na papo hapo kila palipolingana pakawaka rangi. Enter.

"Usiguse kitu bado," akasema. "Soma kwanza ulichokishika."

Tukapita kwenye teuzi moja moja kwa kitufe cha mabano ya kufunga. Katikati ya tarehe tukakutana na 14/22/B. Ile ilikuwa namba ya hati! Amri yangu ingeigeuza kimyakimya, na sidhani kama kuna mtu angegundua mapema. Akaiondoa kwa Alt na mkato, zilizobaki zikabaki zimeshikwa vilevile.

Kisha s tena, safari hii \d+ peke yake, tarakimu tupu. Kila uteuzi ukagawanyika: mwezi huku, siku kule. Akaandika 2 ili zishikwe mbilimbili, halafu Alt na mabano ya kufunga, na kila jozi ikabadilishana nafasi. 03/17/2009 ikasomeka 17/03/2009, na nyingine zote vivyo hivyo, mbele ya macho yangu.

Katika Vim, kama ilivyokuwa kwenye mtangulizi wake, vi ya Bill Joy ya mwaka 1976, kitendo hutangulia: unasema d, yaani futa, ndipo unasema w, yaani neno. Maxime Coste, aliyeunda Kakoune, aliupindua mpangilio huo, na kwa kazi kama ile naona alikuwa sahihi kabisa. Kasi ya kibodi ina faida gani kama huoni unachokikata?

Vim sikuiacha, maana iko kwenye karibu kila seva ninayoingia. Ila tangu jioni ile, penye aya nzima ya kufuta, naandika vip kuichagua, naiangalia, ndipo nabonyeza d. Uteuzi ukipungua mwanzoni, o hunirudisha upande huo niurefushe. Nikiupoteza, gv huurejesha kama ulivyokuwa.