Chai ya tangawizi kwa chango la hedhi: kiasi, muda na mipaka yake

Kwenye meza za dawa za asili Tabora mjini, kifurushi kimoja cha magome husifiwa kutibu chango, uvimbe, mirija ya uzazi iliyoziba na kukosa mtoto kwa mkupuo. Dawa inayotibu yote hayo haipo. Kwa maumivu ya hedhi peke yake, tangawizi ya jikoni imechunguzwa zaidi na inasaidia wengi.

Maumivu hayo huletwa na prostaglandini, kemikali zinazotolewa na ukuta wa kizazi hedhi inapoanza, nazo huubana msuli. Tangawizi hupunguza utengenezwaji wake. Ndiyo maana muda una uzito: anza dalili za kwanza zikijitokeza, uendelee siku tatu. Ukingoja mpaka ujikunje kitandani, umechelewa.

Tafiti nyingi zilitumia unga, miligramu 750 hadi 2000 kwa siku. Nusu kijiko cha chai, kisichojaa kilima, ni kama gramu moja. Tumia asubuhi na jioni. Mbichi ina maji mengi, kwa hiyo chukua kipande cha nusu kidole gumba, ukioshe, ukikwaruze, ukichemshe kwa vikombe viwili vya maji dakika kumi, sufuria ikiwa imefunikwa. Hivyo vikombe viwili ndivyo vya siku nzima. Kula kwanza, la sivyo kiungulia kitakusumbua.

Unayetaka ya maziwa, tangawizi ichemke kwenye maji kabla maziwa hayajaingia. Ukiitia mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu, kimeng'enya chake huyakata, ukabaki na mabonge. Asali ya Sikonge inakubali vizuri hapa (ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe).

Majani ya chai yaache kando siku hizo, hasa wakati wa chakula. Tanini yake, ile kemikali inayoipa chai ukakasi, hukamata madini ya chuma ya maharage na mchicha, na wewe unapoteza damu. Ukiipenda sana, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu navyo usivimeze na chai.

Mjamzito mwenye kichefuchefu asizidishe gramu moja ya unga kwa siku, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Lakini chai za kuharakisha uchungu ni hatari kubwa: baadhi hubana kizazi bila kukipa nafasi ya kupumzika, mtoto akakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kuchanika.

Mirija nayo mara nyingi huziba kwa makovu ya magonjwa ya zinaa kama klamidia au kisonono. Chai haiondoi kovu. Kizazi pia hakihitaji "kusafishwa", hedhi inajitosheleza.

Ukijaza pedi moja kila saa kwa saa mbili mfululizo, hedhi ikipita siku saba, au maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, nenda hospitali ukapimwe damu na ufanyiwe ultrasaundi. Ukiwa umechelewa hedhi na tumbo likauma sana upande mmoja, usichemshe kitu, nenda siku hiyo hiyo: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.