Kipande changu cha Sericho

Kipande changu cha kimondo kina unene wa milimita 3 na hakizidi kiganja cha mtoto. Nikikiinua dirishani asubuhi, mwanga hupenya kwenye fuwele za madini ya olivini zilizonaswa ndani ya chuma na nikeli, nazo huwaka rangi ya asali, moja mbili zikielekea kijani cha ndimu. Olivini iliyo safi kiasi cha kufaa pete ndiyo masonara huiita peridoti.

Vimondo hivi huitwa palasaiti, kwa heshima ya Peter Simon Pallas, mtaalamu wa Kijerumani aliyechunguza kimoja huko Siberia mwaka 1772, na ni adimu mno: havifiki hata asilimia 1 ya vimondo vyote vinavyojulikana. Changu kinatoka Sericho, kaunti ya Isiolo. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao magharibi mwa Habaswein walikuta mawe mazito ajabu mahali pasipo na mawe, ingawa wazee wa huko walikuwa wameyachezea tangu utotoni. Yamekusanywa kwa tani. Hata hivyo mimi, mkazi wa Nairobi, nilikiagiza changu kutoka Ujerumani, na ushuru nikalipa.

Wakusanyaji wengi husifu zaidi Esquel ya Argentina, iliyopatikana mwaka 1951, kwa kuwa fuwele zake ni angavu kama kioo. Sibishani nao, za Sericho nyingi zina weusi wa kutu kwenye nyufa. Lakini siwezi kukitazama cha Esquel nikamwona mchungaji niliyewahi kupishana naye barabarani.

Kutu hiyo ndiyo iliyonifunza adabu. Nilikiweka kwenye rafu karibu na jiko, mvua za masika zikaja, na baada ya wiki chache vidoa vya rangi ya chungwa vikajitokeza hasa pale chuma kinapokutana na fuwele. Nilisugua kwa msasa laini, kwa pupa, na fuwele moja ikachomoka. Kipande kikiwa chembamba hupitisha mwanga vizuri, ila fuwele hukosa cha kuzishikilia. Sasa kinakaa kwenye mkebe usiopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hukitoa Jumapili tu, na mgeni akitaka kukishika, humpa kitambaa kwanza.