Na yule "wa Kristo" je?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Wakorintho 1:10-13, Paulo anapowaonya Wakorintho waliogawanyika makundi, kila mmoja akijiita wa fulani.

Tukifika hapa huwa tunawashangaa wa Paulo, wa Apolo na wa Kefa, halafu tunampita haraka yule wa nne anayesema, "Mimi ni wa Kristo." Paulo kamweka kwenye orodha ileile ya wagomvi. Wako wanaolisoma tofauti, lakini mimi naona huyu ndiye mgumu kuliko wote: ukishajiita wa Kristo kwa namna hiyo, wenzako umeshawatoa nje bila hata kuwataja.

Hapa Mwanza tunamjua. Kikundi cha maombi kinaanzia sebuleni kwa mtu, watu wanafunguliwa, na Mungu anatenda kweli, hilo silibishi. Baadaye kuna turubai na spika Buhongwa, na mahubiri ya "sisi si dhehebu, sisi ni wa Yesu tu." Kisha vinakuja katiba, usajili, bahasha za zaka, na binti anakatazwa kuolewa na kijana wa AIC (Africa Inland Church).

Nasi wa makanisa ya zamani tusijione. Misheni ya Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, ilikuwa ya CMS, yaani Waanglikana. Mwaka 1909 wakaikabidhi kwa Africa Inland Mission. Wamisionari walipeana eneo. Waumini wakajikuta upande mwingine, na Kristo wao ni yuleyule. Leo wajukuu tunatunishiana misuli kwa ajili ya mpaka ambao babu zetu hawakuuchora.

Juzi msibani Igoma, wazee walibishana hadi usiku nani aongoze ibada ya mazishi: kanisa alikobatizwa marehemu, au huduma aliyohamia. Nyuma ya nyumba, Mkatoliki, Msabato, Mlutheri na mama mmoja wa hiyo huduma walikuwa wanasonga ugali kwenye sufuria moja. Ubishi wao ulikuwa chumvi ya dagaa.

Paulo hajibu kwa kuanzisha kundi la tano. Anauliza: "Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu?" Wala hamfukuzi wa Apolo.

Basi wiki hii, katika maombi ya asubuhi, mtaje mchungaji au padre wa lile kanisa unalolipita kila Jumapili ukienda kwenu. Kama hulijui jina lake, muulize jirani anayesali pale.