Mawe ndani ya gunia la Bibi

Juzi kuna mtu alikosea namba, Sh 45,000 zikaingia kwenye simu yangu. Hata dakika mbili hazikupita, akapiga, sauti inamtetemeka. Nilidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini nilipoangalia salio, hela ipo kweli. Nikamrudishia Sh 43,500. Iliyobaki nikasema ni makato, ingawa nilikuwa nimezungusha kidogo kwa juu. Binti yangu alikuwa ameniegemea begani, anasoma simu isiyo yake.

"Baba, kwani makato anakulipia yeye?"

Nikamwambia akamalizie uji.

Swali hilo likanikumbusha Bibi yangu. Mlokole wa zamani, wa ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukatufikia sisi wa Bukoba. Rubisi, pombe ya ndizi, hanywi, na kwake hata ndizi za kuitengenezea hazikamuliwi. Kila Alhamisi ndugu walijaa sebuleni "kutembea nuruni", yaani kutaja dhambi zako mbele ya watu, moja moja.

Mwaka 1995 kahawa ilikuwa na bei. Jalidi, baridi ya kugandisha, iliunguza mibuni ya Brazil mwaka uliotangulia, na biashara huria ikatuletea wanunuzi binafsi mpaka kijijini, na mizani yao ya kuning'iniza mtini. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilijua kuanika kahawa asubuhi, kuianua jioni na kufukuza kuku mkekani. Na nilijua, kwa kuwa watu wazima walilisema kila siku, kwamba mizani ya yule mnunuzi inakula kilo. Basi nami, hakimu wa miaka 10, nikatia changarawe katikati ya gunia, makopo mawili. Bibi alishaniahidi viatu.

Gunia likapimwa, hela ikaja, hakuna aliyejua. Ningekaa kimya yangekwisha.

Kilichoniponza ni Alhamisi. Mzee mmoja alisimama akaungama kwamba alitamani mkungu wa jirani. Alitamani tu, hata kuukata hakuukata! Wakamwimbia Tukutendereza, wakamkumbatia, akakaa chini amekuwa mwepesi. Akafuata mama mmoja aliyemnunia mkwewe, naye akaimbiwa. Nikaona jambo hili ni tamu na halina gharama. Nikasimama.

"Mimi niliweka mawe kwenye kahawa ya Bibi."

Kimya. Halafu wakaimba, kweli wakaimba, nikakumbatiwa na watu wanaonukia moshi na sabuni ya mche. Mmoja tu hakuimba. Bibi alikuwa anaitazama miguu yangu.

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani, akanishika mkono, na njia nzima hakusema neno. Tulikuta foleni, kila mtu na gunia lake. Bibi hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mizani, akafungua fundo la kanga, akahesabu noti polepole.

"Mwanangu, kwenye gunia langu kulikuwa na mawe. Hii hapa ni hela ya mawe."

Yule mnunuzi alicheka mpaka akashikilia mnyororo wa mizani. "Bibi, mawe yenu mimi nilishayatoa hapa hapa kwenye mizani. Kila gunia nalipunguzia. Rudi na hela yako nyumbani."

Alisema hivyo, watu wote wanasikia. Nilitegemea foleni ilipuke. Watu waliangalia chini, na sijui kama ni kwa hasira, au kwa kuwa kila mmoja alijua kilichomo katikati ya gunia lake.

Bibi alisubiri kicheko kiishe. "Hayo ya kwako utayaongea na Mungu wako. Mimi nimekuja na ya kwangu." Akaziweka noti juu ya gunia lililokuwa karibu. Upepo wa ziwa ukataka kuzipeperusha. Akainama, akaokota kijiwe, akazikandamizia. Kidogo tu, saizi ya vile vyangu. Akajipangusa vumbi mkononi, tukaondoka.

Viatu havikununuliwa, muhula ule nilikwenda shule na malapa. Nilimkasirikia miaka mingi, na siwezi kusema hasira yote imeisha. Hela ya mtoto aliipeleka kwa mwizi aliyejitangaza mwenyewe, tena kwa miguu yake. Nimeshabishana naye kichwani mara nyingi, na kila mara mimi ndiye mwenye hoja. Ila kuna hili: mchungaji wetu alipenda Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", na kila alipolisoma kanisa zima liliitikia kwa nguvu, maana wote tulijua linamhusu mnunuzi. Bibi peke yake alidhani linamhusu yeye.

Namba ya yule aliyekosea bado ninayo. Sh 1,500. Nimepiga hesabu, nikimtumia leo kutakuwa na makato mengine. Na uji nasikia umeisha, kijiko kinakwangua bakuli, na sasa anakuja huku.