Modeli ya seli inayosafiri, wiki ya tatu: nimegeuza ndoano zote

Wiki hii nimebomoa nusu ya kazi yangu. Modeli ni ya klabu ya baiolojia shuleni: seli ya neva inayosafiri ndani ya ubongo wa kijusi. Plaiwudi ya mita moja, mirija ya soda ndiyo maikrotubuli (reli za ndani ya seli), kifungo cha koti ndicho sentrosomu (kitovu zinakoanzia reli hizo), na kiini ni jiwe la mtoni. Ndoano ni protini za injini, zinazotembea juu ya maikrotubuli na kuvuta mizigo.

Nilikuwa nimeipa kinesini, mojawapo ya injini hizo, kazi ya kuvuta kiini mbele. Jumanne usiku nikashtuka. Katika seli hii sentrosomu hutangulia mbele ya kiini, na ncha hasi za maikrotubuli zimejikita pale. Injini inayoelekea ncha hasi ni daineini. Kinesini nyingi huenda upande wa pili, kwenye ncha chanya. Basi nimeng'oa ndoano zote nane na kuzigeuza. Gundi ilikuwa imeshakauka, mirija miwili ikapasuka.

Sasa safari inaonekana vizuri. Mkono wa mbele wa seli unatambaa juu ya uzi wa glia (seli tegemezi za ubongo), kifungo kinasogea, kisha jiwe linafuata kwa kuruka na kutulia. Hatua ya daineini huwa kama nanomita 8 tu, na kiini ni mzigo mzito kwa mvutaji mdogo hivyo. Hapo ndipo protini ya LIS1 inapohitajika: huisaidia daineini ing'ang'anie mzigo. Nimeiwakilisha kwa kipande cha mpira kwenye kila ndoano.

Jeni ya LIS1 iko kwenye kromosomu ya 17, ilitambuliwa mwaka 1993. Nakala moja ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na lisensefali: ubongo laini uliokosa mikunjo, gamba lake la nje likiwa na tabaka nne nene badala ya sita.

Ijumaa nilikata vile vipande vya mpira kwenye ndoano nne, nikampa msichana wa kidato cha tatu avute. Mkono ukarefuka, ndoano zikateleza, jiwe likabaki pale pale. Akalitazama kwa muda.

"Mwalimu, kwa hiyo seli njia inaijua, ila haiwezi kwenda?"

Ndivyo hasa. Nimefurahi mno kwamba ameliona mwenyewe kwenye jiwe kabla sijasema neno.

Kilichobaki kinaniumiza kichwa. Mwaka 2013 mabadiliko ya jeni za DYNC1H1, KIF5C na KIF2A (mbili za mwisho ni za kinesini) yaliripotiwa kwa wagonjwa wenye kasoro za gamba la ubongo. DYNC1H1 ni jeni ya mnyororo mzito, yaani sehemu kuu, ya daineini yenyewe, huo nitauonyesha kwa kupinda ndoano. Lakini KIF2A ni kinesini isiyotembea. Hubomoa ncha za maikrotubuli. Jumatatu nitajaribu mirija ya vipande vinavyochomoka.