Fomu Ilikuwa na Mstari Mmoja

Jumapili iliyopita redio ya jikoni ilikuwa kwenye zilipendwa, mimi namenya ndizi, binti yangu yuko mezani na simu yake. Ghafla akainua macho. "Baba, huu wimbo si ulikuwa umeisha? Mbona umeanza tena?" Nikamwambia haujaisha, umeingia kwenye chemko. Maneno yamekwisha, sasa magitaa yanaongea na watu wacheze. Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande kama anavyofanya bibi yake, kisha akauliza: "Na hiki kipande cha chemko alitunga nani?"

Nikaendelea na ndizi. Swali hilo niliwahi kuliona likiwavuruga wazee watatu wenye akili zao timamu, kwenye baraza ya baba mdogo pale Magomeni Mapipa, na waliachana magharibi bila jibu.

Ilikuwa 2013. Naukumbuka mwaka kwa sababu ndio mwaka Mzee Gurumo alitangaza kustaafu muziki, na kijiwe cha kahawa hakikuwa na habari nyingine zaidi ya lile gari alilozawadiwa na Diamond Platnumz. Kuna walioona ni heshima kubwa, kijana kumkumbuka mzee. Kuna walioona ni aibu yetu sote: mtu ameimba NUTA Jazz tangu 1964, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, akapita OSS (Orchestra Safari Sound), akarudi Msondo, yaani ile ile NUTA kwa jina jipya, kama nusu karne jukwaani, halafu anastaafu hana gari mpaka apewe. Baba mdogo hakuwa upande wowote. "Gari zuri," alisema. "Mafuta nani anatia?"

Basi siku hizo hizo akaja kijana mmoja, shati jeupe, begi la kompyuta, kutoka kampuni iliyokuwa inauza miito ya simu. Walitaka wimbo wa bendi ya baba mdogo. Sitautaja hapa, kwa sababu nikiutaja mtaanza kubishana na nyinyi. Kijana alikuwa na adabu, akatoa shikamoo kwa kila mtu pamoja na mimi, akaacha fomu, akasema atairudia baada ya siku mbili. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la wimbo. Mtunzi wa mashairi, mstari mmoja. Mtunzi wa muziki, mstari mmoja. Sahihi.

Mashairi hayakuwa na tabu. Maneno aliyaleta mwimbaji wao, marehemu sasa, na hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo. Mjane wake anakaa Ilala, na hela za mashairi, zikiwepo, ni zake. Nikaandika jina. Nikashuka mstari wa pili, kalamu tayari.

"Andika langu," akasema mzee wa solo, yule wa gitaa la kuongoza.

"Lako kwa lipi?" akauliza baba mdogo.

Hapo nikaweka kalamu chini na kumwagiza mtoto wa jirani kashata.

Inabidi nieleze kidogo, maana wengi wenu mmezoea wimbo unaozaliwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Bendi za enzi zile zilikuwa mali ya mashirika. NUTA ilikuwa ya wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya watu wa bima, na majeshi nayo yalikuwa na zao. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri, na mchana mazoezi kama watu wanaokwenda ofisini. Mtunzi alifika mazoezini na maneno kwenye karatasi ya daftari na tuni mdomoni. Anaimba peke yake, mara mbili, mara tatu. Gitaa la kati ndilo linaloanza kumfuata, linatafuta mwendo. Gitaa zito, la besi, linaingia likishaona wapi pa kukanyaga. Halafu wapulizaji wanajibu pale mwimbaji anapovuta pumzi. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote alipiga solo la pili, alikuwa akisema kazi yake ni kusubiri. Mwimbaji akijaza maneno kila mahali, alikuwa anamwendea taratibu na kumwomba apunguze: "Ndugu yangu, mistari minne yote hii inasema umeachwa. Tumeshajua umeachwa. Niachie mmoja nilie mimi."

Mnaona tatizo la fomu.

Mzee wa solo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na hoja yake ilikuwa fupi. Lile fungu la gitaa ambalo chemko lote linazunguka juu yake, ambalo hata makondakta walikuwa wanalipiga mluzi, alilitoa kwenye santuri ya GV ya baba yake, muziki wa Cuba, aliyoisikiliza utotoni mpaka ikakwaruza. Hakuiba, alisema. Aligeuza. Kila mtu aligeuza. Ukiondoa zile santuri za GV kwenye muziki wa dansi utabaki na viti na soda.

Baba mdogo akacheka kicheko chake cha pua. Fungu lile, alisema, halijawahi kufika Cuba wala Tabora. Lile ni ngoma ya kina mama aliyoisikia Kisarawe, wakimtoa mwali. Akaanza kulipiga kwenye mbao ya benchi kwa vidole. "Sikia. Hii ni GV? Wewe Mnyamwezi, huko kwenu mnatoa mwali kwa santuri?"

"Kwetu tunatoa mwali kwa ng'ombe. Nyinyi Wazaramo mna nini zaidi ya nazi na maneno?"

Wa tatu, mzee wa gitaa zito, alikuwa kimya. Huyu alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole, mikono kama ya fundi seremala, na alikuwa na kawaida ya kungoja mpaka wote wachoke. Akamimina kahawa, akanywa, akasema neno ambalo mimi sijawahi kulisikia, na nadhani wale wawili walikuwa wamekubaliana tangu zamani kutolisema.

"Uzi ulikatika."

Hakuna aliyeuliza uzi gani.

Alinigeukia mimi, kwa vile ndiye niliyekuwa na kalamu. Siku wanarekodi, alisema, kwenye studio ya redio kule Barabara ya Pugu, mwanzoni mwa miaka ya 80. Miaka ya foleni za sukari na sabuni, na nyuzi za gitaa nazo hazipatikani. Uzi ukikatika unaufunga fundo na kuomba Mungu. Kurekodi kulikuwa bendi nzima kwa pamoja, wote chumba kimoja, utepe unazunguka. Mmoja akikosea wote wanarudia. Wamekwenda vizuri mashairi yote, chemko limeingia, limeshika, na katikati ya fungu uzi wa kwanza wa solo ukakatika. Solo likapotea. Na kabla dramu hazijafika pigo la pili, huyu hapa, akamwonyesha baba mdogo kwa kikombe, akalidaka fungu. Lakini mkono wake haukuwa juu kule kwenye uzi mwembamba, ulikuwa kwenye nyuzi za kati, kwa hiyo alilipiga kwa chini, na sauti mbili hakuzifikia akaziruka. Fundi mitambo hakusimamisha utepe. Tangu siku hiyo kila jukwaa wakalipiga hivyo, kwa chini, na pengo lake.

"Kwa hiyo," akamaliza, "wa Tabora alileta fungu. Wa Kisarawe alilipunguza. Na lililopendwa na watu ni lililopungua."

"Uzi haukukatika," akasema mzee wa solo.

Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo. Wimbo upo YouTube, kaupandisha mtu asiyejulikana, na picha ya minazi na jua linazama, na jina la bendi kalikosea. Nikauweka. Spika ya simu ni kama kidonge, basi wote watatu wakasogea, nami nikaishika simu katikati yao. Nikitaka kuruka mashairi, baba mdogo akanizuia mkono. Tukasikiliza mashairi yote. Marehemu aliimba, na kwenye beti ya pili mzee wa gitaa zito alitingisha kichwa mara moja, akasema, "Alikuwa na mafua siku ile," na kweli ukijua unayasikia.

Chemko likaingia. Walisogea zaidi. Vichwa vitatu vya mvi, harufu ya tangawizi ya kahawa na ya ile dawa ya kuchua ambayo baba mdogo hakuacha kujipaka vidoleni. Vidole vyao vilikuwa vinatembea. Hawakujua. Wa solo mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, unapanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa ambayo haikuwepo. Wa gitaa zito dole gumba linagonga paja. Na baba mdogo vidole viwili tu, vimejikunja, vinangoja. Fungu likapita mara ya kwanza, juu, jembamba, likiwa limekamilika. Likapita mara ya pili. Mara ya tatu likaanza, na pale katikati nikaona vidole vya baba mdogo vinafunguka, kabla sijasikia kitu. Ndipo nikasikia, au nikadhani nimesikia, mlio mdogo mkavu, tik, na fungu likaendelea likiwa limeshuka, na tundu mbili ndani yake.

"Huyo!" akasema mzee wa gitaa zito.

"Hiyo ni tumba," akasema mzee wa solo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Tik. Wawili waliusikia uzi, mmoja alisikia tumba. Nikarudisha tena, na safari hii baba mdogo akasema hana hakika, huenda ni tumba kweli. Nilimtazama. Alikuwa anamtazama rafiki yake, na goti la rafiki yake, ambalo ule mkono wa kushoto ulikuwa umetulia juu yake kwenye kile kituo cha juu kabisa. Simu ikazima chaji.

Nimefikiria sana kwa nini baba mdogo aliachia. Fungu lilikuwa lake, ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, na alikuwa na deni la duka ambalo sote tulilijua. Pengine ni heshima, maana kumwambia mpiga solo mbele ya watu kwamba sehemu inayopendwa zaidi ya maisha yake ni ile ambayo hakuwepo, hilo si neno la kusemwa na rafiki. Pengine alisikia tumba. Masikio yake yalikuwa yamesimama mbele ya maspika miaka mingi. Nilipomuuliza baadaye, tukiwa wawili, alinijibu kwamba wimbo ukishapigwa ukumbini mara elfu, aliyeuanza ni mgeni kama mgeni mwingine. Jibu zuri, na alilitoa haraka mno. Sikuliamini.

Kijana wa shati jeupe alirudi kama alivyoahidi. Kwenye mstari wa muziki tulikuwa tumeandika jina la bendi. Akasema hapana, bendi haina kitambulisho, anataka mtu. Wazee wakatazamana. Mzee wa gitaa zito akapendekeza aandikwe mwimbaji tena, marehemu, maneno na muziki vyote vyake, mjane ale. Likapita bila kura. Kama hela zilifika Ilala, na kama zilifika ni kiasi gani, mjane hakusema na sisi hatukuuliza.

Aprili ya mwaka uliofuata tulimzika Mzee Gurumo, na miezi michache baadaye akaja kijana mwingine, kampuni nyingine. Huyu fomu yake ilikuwa imepangwa vizuri: watunzi wa muziki, mistari mitatu. Nikafurahi, nikasema leo mambo yamekwisha, wazee watatu, mistari mitatu. Baba mdogo akavaa miwani, akaisoma mpaka chini, akampigia simu mpuliza tarumbeta wao wa zamani aliyehamia Morogoro. Mpaka saa mbili usiku walikuwa bado wanagombania mstari wa nne.